Amana ya Mwalimu: Mhadhara juu ya Wanafunzi wa Kichina na Jamaa Zao



Nimeombwa nizungumze jioni hii juu ya urafiki wa Tanzania na China, nami, baada ya kuipima mada yenyewe na kuipima pumzi yangu, nimeomba ruhusa niipunguze mpaka iwe na ukubwa wa chumba kimoja cha kusomeshea, kilichoko uani mwa nyumba ya urithi katika Mtaa wa Pemba, hapa Kariakoo, ambamo tangu nilipostaafu kazi ya serikali nimekuwa nikiwasomesha wageni Kiswahili jioni kwa jioni, na kabla ya kustaafu nilikuwa nikifanya hivyo kwa wasaa mdogo uliosalia baada ya kazi ya skuli. Urafiki wa dola mbili una wanahistoria wake, wenye nyaraka na hesabu, wala sina elimu ya kushindana nao. Mimi nitasema juu ya wanafunzi, na zaidi ya wanafunzi, juu ya baba zao na mama zao, ambao wengi wao sijapata kuwaona kwa macho, lakini ambao kwa miaka mingi sasa wananiuliza habari, wananituma, wananilaumu na kunishukuru kana kwamba nimezaliwa katika ukoo wao.

Dai langu ni moja. Watu hudhani kwamba uhusiano wa mwalimu na mwanafunzi wa ng'ambo hudumu kwa sababu ya elimu aliyoipata. Mimi naona sivyo, kwa kuwa elimu ikishapatikana humilikiwa na aliyeipata, na mwenye mali hana haja ya kumkumbuka aliyemuuzia. Uhusiano ule hudumu kwa sababu nyuma ya kila mwanafunzi yuko mzazi aliye mbali, anayehitaji mtu mmoja, mwenye jina na nyumba inayojulikana, wa kumwekea amana; na mwalimu akiisha kuipokea amana hiyo, hata kama aliipokea bila kujua, hawezi kuirudisha siku ya mtihani wa mwisho.

Tarehe chache hazina budi kutangulia, nami nitazipitia upesi. Matangazo ya Kiswahili ya redio ya Peking yalianza tarehe 1 Septemba 1961, miezi mitatu na siku kidogo kabla bendera ya Tanganyika haijapandishwa. Februari 1965 Mwalimu Nyerere, ambaye naye alikuwa mtu wa chaki kabla hajawa mtu wa Ikulu, alikwenda China na mkataba wa urafiki ukatiwa saini. Juni mwaka huohuo Waziri Mkuu Zhou Enlai akaja Dar es Salaam. Mwaka 1968 kiwanda cha nguo cha Urafiki kilifunguliwa Ubungo, na madaktari wa jimbo la Shandong wakaanza kuja Tanzania Bara, wakati Zanzibar ilikuwa imekwisha kuwapata wenzao wa jimbo la Jiangsu tangu 1964. Wapenda mambo ya kale watataka nirudi nyuma zaidi, mpaka kwenye kaure za Kichina zilizopachikwa katika makaburi ya waungwana waliozikwa Kunduchi karne nyingi zilizopita. Siwazuii. Lakini sahani haina mzazi anayeuliza habari zake, na wazazi ndio mazungumzo yangu.

Juu ya reli nitakaa kidogo, maana hapo ndipo hoja yangu inapopata kinyume chake. Reli ya Uhuru, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka hapa hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kati ya 1970 na 1975 na kukabidhiwa Julai 1976, na maelfu kwa maelfu ya Wachina walioijenga walikaa makambini, wakalima mboga zao, wakapika chakula chao, wakatoboa milima ya nyanda za juu pamoja na vijana wetu kwa ishara zaidi ya maneno, kisha wakarejea kwao. Walikuja bila wake wala watoto. Sisi vijana wa mjini tuliwaona wakipita ndani ya malori, nguo zao za rangi moja na kofia zao za aina moja, tukawapungia mkono nao wakatupungia. Basi, ujirani wetu ukaishia hapo. Nasema kwa kuwaheshimu: kazi yao haina mfano katika nchi hii, na wapo wanaolala katika makaburi ya Gongo la Mboto, wapatao sabini, ambao jamaa zao huwazuru kila wapatapo nafasi, na ambao Rais Xi Jinping aliwazuru Machi 2013. Lakini kwa kadiri nilivyoona mimi, kizazi kile kilikosa mwalimu wa lugha wa kukaa naye jioni. Walitujengea njia ya kufika mbali, na katika nyumba zetu hapa mjini ni chache mno zenye kujua jina la mmoja wao.

Mwanafunzi wangu wa kwanza wa Kichina hakuwa mtu wa reli bali daktari, mmoja wa wale wa Shandong, aliyefanya kazi Muhimbili katikati ya miaka ya 1980. Aliletwa kwangu na jirani yetu, mama mmoja muuguzi, aliyechoka kumkalimania. Maneno ya vitabuni daktari yule alikuwa nayo. Alijua kichwa, mguu, ini na figo. Lililomshinda ni bibi wa Buguruni anayeingia na kusema kwamba tumbo linamsokota, usiku moyo unamwenda mbio, mgongoni ana kichomi, na zaidi ya yote mwili wake hauna raha. Hilo la mwisho lilimtesa sana. Alinieleza, kwa Kiingereza chake kidogo na changu kidogo, kwamba katika tiba ya kwao ya sindano neno kama hilo lina thamani kubwa kuliko kipimo cha damu, na kwamba hatamtibu mtu mpaka ajue raha ile ilikwenda wapi.

Nikaanza, kama ada ya lugha yetu inavyotaka, na salamu. Ninyi nyote mnajua kwamba salamu za pwani hazimalizikii kwa mtu aliye mbele yako. Lazima upite kwa baba, kwa mama, kwa watoto, kwa jirani, na kama una wasaa, mpaka kwa mbuzi wa uani. Nikamwuliza: Wa nyumbani hawajambo? Akajibu upesi, kama kitabu kilivyomfundisha: Hawajambo. Nikamwuliza tena: Umejuaje? Akanyamaza. Barua ya mwisho aliyokuwa ameipata kutoka kwa mkewe ilikuwa ya miezi iliyopita. Sasa, sijui ni kitu gani kilichonituma siku ile, maana mimi si mtu mkali darasani, lakini nilimwambia kwamba kwetu haifai mtu kusema hawajambo juu ya watu ambao hana habari zao, na nikampa zoezi: aandike nyumbani, aulize hali ya kila mmoja kwa jina, kisha majibu yakija ayalete darasani ayatafsiri. Zoezi lile, lililotokana na ukaidi wa mwalimu tu, ndilo lililonipatia jamaa huko China.

Barua ilichukua wiki nyingi kwenda na nyingi zaidi kurudi. Iliporudi ilikuwa na kurasa mbili za habari za nyumbani na nusu ukurasa iliyoandikwa kwa mwalimu. Mke wa daktari alitaka kujua kama mumewe anakula, na anakula nini. Kama nyumba anayolala ina chandarua. Kama ni kweli kwamba jua la huku humgeuza mtu akili. Nilijibu kila swali kwa uaminifu, naye daktari akatafsiri majibu yangu, ingawa nina shaka kwamba lile la chandarua alilipamba kidogo. Katika barua ya pili mlikuwa na karatasi iliyokunjwa, yenye mchoro wa unyayo wa mtoto wa kike, na ombi kwamba nimtafutie viatu vya wazi vya ngozi, vya namna ambayo babake alikuwa amevieleza. Nikaichukua karatasi ile mpaka kwa mshona makubadhi mmoja katika Mtaa wa Swahili, mzee wa Kimanyema aliyekuwa na maneno machache na mkono mwepesi, akauweka mchoro juu ya ngozi, akauliza mtoto ana umri gani, kisha akakata kikubwa zaidi ya mchoro. Kwa nini? Akasema mpaka makubadhi yafike huko, mguu utakuwa umekua. Mwaka uliofuata mchoro mwingine ulikuja, na ulikuwa sawasawa na kipimo cha mzee yule.

Daktari alimaliza muda wake akarudi kwao. Barua ziliendelea, kwanza za miezi, kisha za sikukuu, kisha kadi moja kwa mwaka wakati wa Mwaka Mpya wa Kichina, jambo ambalo ni la kawaida na halikunihuzunisha. Nilidhani kwamba mambo yamefika mwisho wake kwa staha. Kumbe mtoto wa makubadhi alikuwa amekwenda chuo kikuu Beijing, na katika lugha zote alizowekewa mbele akachagua Kiswahili, na mwanzoni mwa karne hii akaja Mlimani kukisoma katika ardhi yake. Alibisha hodi Mtaa wa Pemba siku ya tatu ya kuwasili, mkononi ana barua ya baba yake. Nikamwuliza kwa furaha juu ya makubadhi yale. Hakuyakumbuka hata kidogo. Alikumbuka tu kwamba kwao waliwahi kuwa na boksi lenye stempu za twiga, na kwamba mama yake alikuwa akimtisha kwamba asipokula mboga ataandikiwa mwalimu wa Afrika.

Hapa sina budi kueleza jambo moja la nchi yao, ambalo asiyelijua atawaona wazazi wale kuwa ni watu wa kuhangaika bure. Tangu mwaka 1980 au karibu na hapo mpaka 2015, sheria ya China iliwataka wengi wao, hasa wa mijini, wazae mtoto mmoja. Basi kijana anayekuja kwetu akiwa na begi moja na kamusi moja, aghalabu ndiye watoto wote wa nyumba ile: ndiye kitinda mimba na ndiye kifungua mimba, hana kaka wa kutumwa amfuate, wala dada wa kumfichia siri, na nyuma yake wako wazazi wawili, na nyuma ya wazazi hao mababu na mabibi wanne, watu sita wazima wanaomwangalia mtu mmoja aliyeko ng'ambo ya bahari. Mzazi wa Kiswahili mwenye watoto saba anaweza kumsahau mmoja mpaka wakati wa kula. Huyu hawezi.

Tena siku hizi hawana haja ya stempu. Simu imeondoa bahari. Mama wa Tianjin anapiga kwa WeChat katikati ya kipindi, anaomba kumwona mwalimu, na mwalimu anaonekana, kanzu na kofia na ubao nyuma yake. Mimi Kichina sikijui, ila salamu na bei. Kwa hiyo inatokea hali ambayo nadhani hakimu yeyote angeikataa, kwamba mama anamshitaki mwanawe kwangu, na mkalimani wa mashitaka ni mshitakiwa mwenyewe. Mama anasema maneno mengi kwa hamaki, mkono unapigapiga hewa. Kijana ananigeukia na kusema kwa utulivu: Mama anakusalimu. Mimi nami nimekwisha kuzoea kuusoma uso wa mama kuliko kuisikiliza tafsiri.

Wanafunzi wa vyuo ni sehemu moja tu ya chumba changu. Tangu miaka ya 2000 kilijaa wa namna nyingine, wale wa biashara, na hao ndio walionitia mtihanini mbele ya jirani zangu. Msemaji wa Kariakoo hana haja ya kuielezea Kariakoo kwa watu wa Dar es Salaam; mnalijua soko lile la zege lililosanifiwa na Beda Amuli, lililoungua Julai 2021, na mnaijua mitaa inayolizunguka, Kongo na Mchikichi na Narung'ombe, ambako winga anakushika mkono kabla hujajua unataka kununua nini. Vijana wa Kichina walioingia mitaa ile hawakutoka Beijing wala hawakusoma lugha chuoni. Walitoka majimbo ya pwani ya kusini na mashariki, walikuja kwa mjomba mwenye stoo, na walitaka kwangu vitu vitatu: hesabu, bei na namna ya kugombana bila kupigwa. Niliwapa, pamoja na zoezi la salamu, ambalo waliliona ni upotevu wa wakati mpaka siku mwenye fremu, mzee wa watu, aliyekuwa akiwadai kilemba kikubwa mno, alipopunguza baada ya kuulizwa hali ya mgonjwa wake kwa jina.

Lakini biashara ni biashara. Walianza na kontena, wakafungua stoo, na wengine wakashuka mpaka kuuza maua ya plastiki, mikoba na viatu kimoja kimoja mbele ya duka, mahali pale pale ambapo mtoto wa jirani yangu alikuwa akiuza vilevile. Januari 2011 naibu waziri wa viwanda na biashara aliwapa wafanyabiashara wadogo wa kigeni siku 30 waondoke sokoni, wakapungua, wakarudi. Ni mwaka huohuo, kwa kejeli ya historia, mji mzima ulipokuwa ukikaa mbele ya TBC kutazama tamthilia ya Kichina ya Mao Doudou na mama wakwe zake, iliyotiwa sauti za Kiswahili, watu wakicheka kwamba kumbe mawifi na mama wakwe ni walewale dunia nzima. Na asubuhi yake mtazamaji huyohuyo akiamka kumlaani Mchina wa mtaa wa pili. Kisha Julai 2025 ikatoka amri iliyowazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwamo za jumla na rejareja isipokuwa za maduka makubwa na vituo maalumu, na kutengeneza simu, na udalali. Leseni zilizokwisha kutolewa zikaachwa ziishe muda wake, na raia atakayemsaidia mgeni kuivunja amri akawekewa adhabu yake.

Nitasema rai yangu wazi, kwa sababu nimeulizwa mara nyingi barazani na nikajibu kwa mzunguko. Naiunga mkono amri ile. Mgeni mwenye mtaji wa kontena hana sababu ya kumnyang'anya kijana wa Kigogo meza ya viatu. Najua pia kwamba wapo kwetu waliokodisha majina yao kwa miaka mingi, wakawa na leseni ukutani na mwenye duka nyuma ya pazia, kisha wakawa wa kwanza kupiga kelele. Na kwamba wenye majengo walioona utamu wa kodi ya dola hawakuwahi kumuuliza mpangaji uraia wake.

Nilikuwa na mwanafunzi mmoja katika hali hiyo, kijana wa jimbo la Zhejiang, mpole, mwenye Kiswahili kizuri kuliko wote niliowasomesha miongoni mwa wa biashara, ambaye alikuwa akiuza mikoba. Amri ilipotoka baba yake alinipigia kutoka Yiwu. Aliniomba jambo ambalo kwa mizani yake lilikuwa dogo na la kawaida: nimpatie mtu mwaminifu, au niwe mimi mwenyewe, wa kuandikwa katika leseni mahali pa mwanawe. Akaniambia kwamba nimekuwa baba wa kijana huku kwa muda wote huo, na baba hukopesha jina. Nilikataa. Nilimweleza kwamba jina langu ndilo kitu pekee alichokuwa amekiamini alipomleta mwanawe kwangu, na kama nikilitumia kudanganya mbele ya jirani zangu na mbele ya serikali yangu, basi siku ya pili halitakuwa na kazi hata kwa mwanawe. Sijui tafsiri ilifikaje. Baba yule alikata simu, na kwa miezi hakuniuliza tena habari. Kijana alifunga duka leseni ilipokwisha, akauza mabaki ya mzigo kwa bei ya hasara, akarudi Yiwu, na huko sasa anawapokea wafanyabiashara wa Kariakoo, anawapeleka viwandani, anawakagulia mzigo kabla haujafungwa, kwa Kiswahili. Mama mmoja wa Mtaa wa Aggrey, mwenye duka la madera, ameniambia kwamba safari yake ya kwanza China alilia uwanja wa ndege kwa kupotea, na ya pili alisubiriwa mlangoni na mtu aliyemwamkia shikamoo.

Ninyi mtasema: hayo ni mambo ya faida, kila mmoja anapata chake. Ni kweli, nami siyadharau. Lakini amana hupimwa siku ya tishio. Tarehe 23 Januari 2020 mji wa Wuhan ulifungwa kwa sababu ya korona, na ndani yake walikuwamo mamia ya vijana wa Kitanzania waliokuwa wakisoma huko. Mmoja alikuwa binti wa jirani yangu, mwanafunzi wa udaktari, na mama yake alihamia barazani kwangu, kwa hoja kwamba mimi ndiye mwenye Wachina. Nilimpigia yule binti wa daktari, mtoto wa makubadhi, ambaye kwa wakati huo alikuwa mke wa mtu na mama wa mtu, mbali sana na Wuhan. Kuingia katika mji ule hakukuwezekana, hata kwa mwenye nia. Basi mama yake, yule mwandishi wa barua za chandarua, aliyekuwa sasa bibi mjane, akachukua nambari ya binti wa jirani yangu akampigia kila jioni mpaka mji ulipofunguliwa Aprili 8, wote wawili wakiwa na lugha ya kuunga kwa shida, Kichina cha darasani upande mmoja na cha Kishandong upande wa pili, akamwuliza kila siku maswali yaleyale: Umekula nini? Una joto mwilini? Unalala? Kisha anamwambia bintiye, bintiye ananiandikia mimi kwa Kiswahili, nami nasoma kwa sauti barazani. Siku moja ujumbe ulisema tu kwamba binti amekula wali na kabichi na ameanza kulalamika. Jirani yangu alisema: Alhamdulillahi, akilalamika ni mzima.

Mambo yalipogeuka hayakuchelewa kunikuta. Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 16 Novemba 2024, jengo la ghorofa lilipoporomoka katika Kariakoo na kuwafukia watu wakiwa katika maduka yao, simu yangu haikupumzika mpaka usiku. Picha zilikuwa zimekwisha kufika China kabla sisi wa mitaa ya jirani hatujajua ni jengo gani. Akina mama ambao sijui majina yao walinitumia picha za watoto wao na alama ya kuuliza, hakuna neno lingine. Nilikwenda kwa miguu stoo kwa stoo nikiwa na simu ile, nikimpiga picha kila kijana niliyemkuta hai, akiwa amesimama mlangoni, nikaituma kwa mama yake. Baada ya hapo nilikwenda kukaa na wenzangu waliokuwa wakingoja kando ya kifusi, na huko hakukuwa na picha ya kumtumia mtu.

Sasa nifike kwenye jambo lililonikalisha mwezi huu, ambalo sikulitarajia katika umri wangu. Yule kijana wa Yiwu, wa mikoba, amenituma posa. Binti ni wa Ilala, wa watu ninaowafahamu tangu enzi za babu zao, na walijuana wakati wa duka. Suala la dini lilitangulia, kama lilivyostahili, na kijana alikuwa amekwisha kulimaliza na mashekhe kwa hiari yake kabla hajanitamkia mimi. Nikaenda, mshenga mwenye mvi, pamoja na wazee wawili wa mtaa wetu. Tulipokewa kwa taadhima, tukanyweshwa chai ya tangawizi, tukatoa barua na kishika uchumba, na mazungumzo yakaenda vizuri mpaka ami yake binti, bwana mmoja aliyewahi kuwa karani wa mahakama na ambaye karani bado yumo ndani yake, alipovua miwani akaniuliza kwa upole: Mwalimu, tunakujua wewe, na baba yako tulimjua; lakini kijana huyu baba yake yuko Yiwu, hatuijui nyumba yake wala ndugu zake; wewe ukifa kesho, mwenetu akipatwa na jambo, tukamdai nani?

Lilikuwa swali la haki, na jibu lake halikuwa mkononi mwangu. Nikaomba siku saba. Usiku ule kijana alimpelekea baba yake swali lile neno kwa neno, kwa amri yangu, bila kulipamba. Siku mbili zilipita kimya, nami nikaanza kufikiri namna ya kurudisha jibu la aibu Ilala. Siku ya tatu, kutoka kwa mzee yule ambaye hakuwa amesema nami tangu nilipomnyima jina langu, ilikuja picha ya cheti cha nyumba yake, na ya nyumba ya kaka yake, na ya nyumba ya mdogo wake, kila moja ikiwa na anwani na nambari ya simu, na chini yake maneno ambayo mwanawe alinitafsiria: kwamba hao watatu ndio wa kudaiwa, na kwamba yeye ndiye mkubwa, waanze naye. Nimeyapeleka Ilala jana, na ami amechukua karatasi zile akaziweka katika jalada.